Mkuki wa Maneno Saba

Nyamoita alikuwa mtu wa hasira, na hakuwahi kuikana. Akiwa msichana kule Kisii, binamu yake alimwambia kwamba msichana anayefua chuma hataolewa hata na mwendawazimu. Nyamoita alimrushia koleo lililokuwa bado la moto. Lilimpita karibu na sikio, likaangukia paa la nyasi la kibanda cha mbuzi, na paa likashika moto. Baba yake alipomaliza kuuzima alimtazama bintiye, mikono imejaa masizi, kisha akasema, "Koleo ni la kushikia chuma. Siku nyingine ukitaka kurusha kitu, okota jiwe."

Hakumwambia aache hasira, wala hakumwambia aache chuma. Mzee huyo alikuwa mhunzi, mwana wa mhunzi, na wanawe wote wawili wa kiume walikuwa wamekimbilia kazi ya majani ya chai huko Kericho. Aliyebaki wa kumvutia mivukuto alikuwa Nyamoita. Macho ya mzee yalipoanza kuharibiwa na moto, binti akaacha mivukuto akashika nyundo. Wazee wa ukoo walikuja kulalamika mara tatu. Mara ya tatu walimkuta anafua jembe la mmoja wao, na mwenye jembe akanyamaza, maana msimu wa kupanda wimbi ulikuwa umefika.

Binamu alikosea. Nyamoita aliolewa na Gekara, kijana mrefu, mpole, aliyeimba sauti ya nne katika kwaya ya Sabato na ambaye hakuwahi kugombana na mtu. Mwaka wa 1964 wakahamia Boito, mtoto wao Kepher akiwa mgongoni. Gekara alipata kazi ya kuchunga ng'ombe wa maziwa wa gredi wa mzee Chepyegon, Mkipsigis ambaye shamba lake lilishuka mpaka ukingo wa msitu. Nyamoita alichuma majani katika mashamba ya watu asubuhi, na alasiri alifua chuma nyuma ya nyumba. Fuawe lake lilikuwa jiwe jeusi la mtoni. Chuma chake kilikuwa springi za malori yaliyokufa, alizoletewa na Danson Nganga, mwenye duka aliyetoka Murang'a. Visu vyake vya kupogolea chai vilisifiwa hadi Kaplong. Mtu aliweza kupogoa mistari kumi kabla ya kukumbuka kunoa.

Lakini watu waliviita visu vya Gekara. "Nenda kwa Gekara akutengenezee panga," walielekezana, na Gekara mwenyewe hakuweza kufua hata msumari. Kila Nyamoita aliposikia hivyo, chuma kilichokuwa mbele yake kilipigwa nyundo moja kuliko kilivyostahili.

Mwaka wa 1971 chui alianza kushuka kutoka msituni. Alichukua kondoo wa watu, kisha mbwa wawili, kisha ndama wa Chepyegon aliyekuwa na wiki tatu tu. Wanaume wakaanza kutafuta mikuki. Katika siku hizohizo akafika Johana.

Johana alikuwa mtu mwembamba, mwenye koti la mvua na maneno laini. Alisema ametoka Soin, na kwamba mjomba wake alimfundisha kuweka maneno ndani ya silaha. Kitu cha kwanza alichofanya ni kwenda kwa Nyamoita kuagiza vichwa kumi na viwili vya mikuki. Alitaka shingo za chuma, pale mti unapoingia, ziwe ndefu kuliko kawaida.

"Za nini ndefu hivi?" Nyamoita alimuuliza.

"Zishike vizuri, mama."

Alikaa siku tatu kwenye kigoda karibu na moto, akinywa uji wa Nyamoita na kumtazama akipiga nyundo. Vichwa vilipokamilika alivifunga kwenye gunia, akaondoka navyo. Miti alikuwa nayo mwenyewe, na kazi ya kuitia kwenye chuma aliifanya peke yake, mlango umefungwa.

Baada ya wiki moja, Boito nzima ilijua habari za mkuki wa Johana. Ndani yake alikuwa ameweka maneno saba. Mwenye mkuki akikutana na mnyama au mwizi, hakimbii. Anasimama imara, anasema "Toka," na neno moja linatoka kwenye chuma na kumfunga adui miguu. Maneno yote saba yakiisha, mkuki unabaki mti mtupu, na mwenyewe anaurudisha kwa Johana ujazwe tena, pamoja na kuku mmoja mweupe. Mwiko ulikuwa mmoja tu, mkuki usifunguliwe. Ukifunguliwa, maneno yote yanaondoka kwa pamoja na hayarudi.

Wanaume kumi na mmoja waliichukua mikuki hiyo. Chepyegon alikuwa miongoni mwao. Wa kumi na mbili alikuwa Gekara.

Nyamoita alikuwa anachoma ncha ya kisu mumewe alipoingia na mkuki wake. Aliupokea, akaupima mkononi, na uso wake ukabadilika.

"Baba Kepher, huu mti umetobolewa. Ni mwepesi hapa kwa shingo."

"Ndipo maneno yanakaa."

"Maneno yanakaa kwa mdomo. Leta nifungue nione."

Gekara alimnyang'anya, jambo ambalo hakuwa amewahi kulifanya tangu waoane. "Usifungue, Mama Kepher! Yatatoka."

"Hii chuma nimefua mimi kwa mikono yangu. Leo unaniambia nisiiguse?"

"Chuma ni yako," Gekara alisema polepole. "Lakini neno ni ya Johana."

Nyamoita alifungua kinywa ajibu. Ila ulikuwa msimu wa kupogoa, visu tisa vilikuwa vinamsubiri, na mgongo ulimuuma tangu alfajiri. Akasema, "Fanya unavyotaka," akarudia kisu chake. Mkuki ukasimamishwa kando ya mlango. Sentensi hiyo moja hakujisamehe mpaka uzeeni.

Jumatano iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani ya chai, Gekara aliwatoa ng'ombe kuwapeleka dipu kuogeshwa dawa ya kupe. Chini ya miti ya miwati, mtamba mmoja alilia. Chui alikuwa amemrukia shingoni. Gekara yule wa siku zote angepiga kelele na kukimbia kuita watu, na mtamba angekufa, na yeye angerudi nyumbani mzima. Lakini siku hiyo alikuwa na maneno saba mkononi. Alitembea mpaka karibu, akasimama imara kama alivyofundishwa, akasema, "Toka."

Chui alimwacha mtamba akamjia yeye.

Chuma kiliingia begani mwa chui, kikaingia sawasawa, kwa sababu kilikuwa chuma kizuri. Kisha mti ukakatika pale pale ulipotobolewa. Gekara akabaki na fimbo, na chui akamfikia. Wanaume walipofika na mapanga na mbwa, mnyama alikuwa ameshakimbia, na mkono wa kulia wa Gekara haukutazamika. Danson alitoa pikapu yake, wakampeleka hospitali ya misheni Kaplong. Madaktari walihangaika naye siku mbili kumwokoa. Mkono wakaukata juu ya kiwiko.

Nyamoita aliporudi kutoka Kaplong hakwenda nyumbani kwanza. Alikwenda kwenye miwati, akatafuta kwenye nyasi zilizolazwa mpaka akaupata ule mti. Alipotazama ulipokatikia, aliona tundu la kidole, limechomwa kwa waya wa moto, na ndani yake utete uliozibwa kwa nta. Ganda la mti lililobaki kuzunguka tundu lilikuwa jembamba kama la muwa uliotafunwa. Alijua wakati uleule kwa nini shingo ziliagizwa ndefu. Zilikuwa za kuficha tundu. Naye ndiye aliyezifua, kwa ustadi, akajivunia zilivyonyooka.

Aliikata ncha hiyo yenye tundu, akaifunga kwenye leso bila kulia.

Aliyemletea maneno ya watu alikuwa jirani yake Sellah, siku ya tatu, kwenye kituo cha kupimia majani. Sellah alijifanya anapanga kikapu chake.

"Dada, si mimi nasema. Ni Johana anasema."

"Anasema nini?"

"Anasema neno haliwezi kukaa kwa chuma iliyofuliwa na mwanamke. Ati liliteleza likatoka. Ati Gekara ameumizwa na mkono wako."

Majani yaliyokuwa mikononi mwa Nyamoita yalidondoka moja moja na hakuyaokota. Miaka saba alifua visu vya watu hawa wakamnyima jina. Leo, mara ya kwanza chuma kuitwa cha Nyamoita, kinaitwa hivyo ili alaumiwe. Na waliamini! Jioni ile wanaume wawili walipita nyumbani kwake, hawakumpa hata pole, wakamuuliza kama anamjua mhunzi wa kiume aliye karibu.

Jumanne, siku ya soko, Johana alikuwa ameketi barazani mwa duka la Danson, akiijaza mikuki ya watu upya. Kuku weupe watatu walikuwa wamefungwa miguu kando yake. Nyamoita alikuja na nyundo katika mkono mmoja na leso katika mwingine. Watu walimpisha njia.

"Johana, simama."

"Mama, pole sana kwa mzee."

"Pole yako kaa nayo. Sema hapa mbele ya watu kile ulisema nyuma yangu."

Johana alisimama taratibu, akapangusa mikono. "Sikusema kwa ubaya. Kila kitu kina mwiko wake. Chuma ya mama haishiki neno. Mimi sikujua."

"Hukujua? Ulikaa kwangu siku tatu ukinywa uji yangu, ukiniangalia nikipiga hii nyundo. Ulidhani mimi ni nani, shemeji yako mwanamume?"

Watu wakacheka. Johana alitabasamu pamoja nao, na tabasamu hilo likamchoma Nyamoita kuliko tusi. Alifungua leso, akachomoa ule utete, akaupasua kwa ukucha. Likamwagika jivu, mafuta ya kondoo yaliyoganda, unyoya mmoja, na kitu chembamba kilichokunjwa, kinachong'aa. Watu walirudi nyuma hatua moja.

"Ni dhahabu!" mtu akanong'ona.

Danson Nganga alitoka nyuma ya kaunta, akakiokota, akakikunjua, akakinusa. "Dhahabu gani? Hii ni karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara. Zimejaa huko nyuma ya duka yangu."

Johana hakutikisika hata kidogo. "Karatasi si neno," alisema kwa upole. "Neno limeshatoka. Huyu mama amevunja nyumba, sasa anatafuta mwenye nyumba ndani." Na Nyamoita akaona vichwa vikitingishwa kukubali, vichwa vya watu wazima wenye watoto shuleni.

Hapo akatambua kwamba kubishana na mtu huyu juu ya maneno ni kufua chuma baridi. Kila ulipompiga aliruka upande mwingine. Akamgeukia Chepyegon, aliyekuwa amesimama pembeni akiegemea mkuki wake.

"Mzee, mkuki yako iko na maneno mangapi?"

"Yote saba. Sijatumia hata moja."

"Naiomba."

Ng'ombe aliyekuwa akiokolewa alikuwa wa Chepyegon, na tangu siku ile alikuwa akipeleka maziwa kwa Nyamoita kila asubuhi. Akampa mkuki.

Nyamoita aliulaza juu ya mawe mawili ya ngazi ya duka. Kando yake akalaza mpini wa jembe alioutoa kwa mwanamke aliyekuwa karibu. Alipiga mpini kwanza, kwa nguvu zake zote. Nyundo ilidunda, mpini ukabaki mzima. Kisha akapiga mkuki, mara moja, pale shingo inapoishia. Ulikatika kwa sauti ndogo, kavu, ambayo kila mkulima aliyekuwepo aliifahamu.

"Maneno saba yalikuwa ndani!" Nyamoita alipaza sauti mpaka ikapasuka. "Saba! Hata moja halikushika mti? Ametoboa mti, nyinyi! Mume wangu alisimama mbele ya chui na bua la mahindi. Na mkasema ni mkono wangu!"

Chepyegon aliokota kipande chake, akachungulia tundu kwa jicho moja. Kisha akamwambia Johana, bila kupandisha sauti, "Chukua mkuki moja ya leo, ile umejaza sasa hivi. Twende msitu, mimi na wewe. Wewe utakuwa mbele."

Johana alianza kukusanya vitu vyake. Alisema atarudi kesho ili waende. Hakuna aliyemzuia, hakuna aliyemshika hata koti. Nyamoita alikuwa amengoja wamkamate, au walau wamtukane, lakini walitawanyika mmoja mmoja wakitazama chini, kama watu wanaotoka kanisani wakati mahubiri yamewagusa. Hakuna aliyemwambia, "Mama Kepher, tulikukosea." Alisimama barazani na nyundo yake, kuku weupe wakimtazama. Akawafungua kamba.

Mambo yangeishia hapo, pengine hasira ingepoa. Lakini wiki mbili baadaye wanawake waliokwenda kuokota kuni walisikia harufu mbaya, wakamkuta chui amekufa kwenye kijito. Kichwa cha mkuki kilikuwa bado begani, kimezama mpaka mfupani. Wanaume walimbeba mnyama juu ya mti mpaka sokoni, na Boito yote ikaja kumtazama.

"Neno limefanya kazi!" walisema. "Limechelewa tu!"

Mtu mmoja alimwambia Nyamoita hivyo usoni, kwa furaha, kana kwamba anampa habari njema. Wengine wawili walifunga safari mpaka Soin kumtafuta Johana arudi. Waliporudi walisema huko hakuna aliyewahi kumsikia, na hata hilo walilifanya kuwa ajabu lake jingine.

Gekara alikuwa ametoka hospitali siku hizo. Alikuwa ameketi kitandani, sweta limefungwa fundo upande wa kulia. Nyamoita aliingia akiwa amejaa hasira.

"Chui amepatikana. Chuma yangu imemuua. Na wanaimba Johana!"

"Si nilikuambia. Bila neno ningekufa, Mama Kepher. Alikuwa juu yangu, halafu akaacha."

"Aliacha kwa sababu alikuwa na chuma yangu ndani ya mfupa! Baba Kepher, hata wewe? Umekatwa mkono kwa ajili ya karatasi ya sigara, na bado unanipigia hadithi?"

Alipiga ubao wa mlango kwa ngumi hadi bawaba ikalia. Alitoka nje, akachukua jembe, akalima kipande kizima cha viazi ambacho hakikuhitaji kulimwa. Aliporudi, matope mpaka magotini, Gekara alikuwa vilevile alivyomwacha.

"Kaa hapa," alimwambia. Nyamoita hakukaa. Gekara akasema hata hivyo, akitazama ukuta. "Najua mti ulitobolewa. Uliniambia, nikakunyang'anya. Lakini mkono moja umeenda. Ukinitolea na neno pia, mimi nitabaki nani? Nitabaki mjinga alisimama mbele ya chui bila sababu. Niachie hiyo tu."

Hasira ya Nyamoita haikuisha, ila ilikosa mahali pa kutua. Kwa siku nyingi alitembea nayo ndani ya nyumba kama mtu aliyebeba sufuria ya moto na haoni pa kuiweka. Alimpikia Gekara, akamfunga vifungo vya shati, akamkata nyama vipande vidogo, na muda wote huo hakumsamehe. Vilevile hakujisamehe mwenyewe kwa zile shingo ndefu. Mzee wa kanisa alipokuja kuwaambia kwamba Gekara asimame kando ya kwaya kwa miezi sita kwa sababu ya ushirikina, Nyamoita alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama yeye mwenyewe hakuwa mtu wa nane kuuchukua mkuki. Mzee alisahau fimbo yake alipoondoka.

Chepyegon alikuja kuomba mikuki mipya. Nyamoita alikataa. Akaomba tena, safari hii akasema, "Nataka ya Nyamoita," akilitaja jina lenyewe, jambo ambalo wanaume wa pale hawakulifanya. Alimfulia mmoja. Wa pili hakufua, kwa yeyote, hata walipomletea springi nzima nzima. Visu, majembe na mapanga aliendelea navyo. Wako walioviita vya Nyamoita baada ya hapo, na wako walioendelea kusema vya Gekara mpaka walipokufa.

Gekara hakuweza tena kuchunga. Mwaka uliofuata alianza kukaa kwenye mivukuto, akaikanyaga kwa mguu na kuvuta kamba kwa mkono wa kushoto, na akajua vizuri kuupandisha moto na kuushusha. Walifanya kazi bila kuzungumza sana. Alasiri moja, chuma kikiwa ndani ya makaa, Nyamoita aliona midomo ya mumewe ikicheza.

"Unasema nini kwa hiyo chuma?"

"Hakuna. Naomba tu."

"Unaomba nani?"

"Mungu, Mama Kepher. Nani mwingine?"

Nyamoita alichomoa chuma kwa koleo, akakilaza juu ya jiwe, akainua nyundo. "Basi omba kwa sauti," alisema. "Hapa kwangu hakuna kitu kitaingia ndani ya chuma na mimi sijasikia."

Gekara akakohoa, akasafisha koo, akaanza kuomba kwa sauti.